Bega Lisilo na Karatasi

Bega la Koplo Domeng Agpalo lilichomoka Jumanne asubuhi, wakati anaanika kombati yake uani. Hakuwa amebeba kitu kizito, wala hakuwa amepigana na mtu. Aliinua mkono tu, kama wewe unavyoinua wako, likasema "ko!", naye akabaki amepinda upande mmoja huku kombati mbichi imemfunika nusu ya uso.

"Senda," aliita kwa sauti ya kuiba. "Senda wee, njoo. Limetoka tena."

Mkewe aliepua kikaango kwanza, maana wale samaki wakavu ndio walikuwa kifungua kinywa cha watu watatu na hakukuwa na wengine. Akatoka anafuta mikono kwenye sketi. Hakuuliza limetokaje. Swali hilo alikuwa ameliuliza miaka tisa, limemchosha.

"Lala chini."

"Hapa uani? Mke wa Bansil anachungulia."

"Basi ingia ndani. Na usijikunyate, ukikaza misuli nitakuvuta mpaka saa sita."

Alimlaza sakafuni, akakaa kando yake, akavua ndala ya mguu wa kulia na kukita kisigino kwapani kwa mumewe. Akamshika kiwiko cha mkono kwa mikono yote miwili, akaanza kujilaza nyuma taratibu. Ndivyo alivyofundishwa na bibi mmoja wa kijijini kwao aliyekuwa akikanda mifupa: vuta kama unavuta ndoo iliyojaa kisimani, usitingishe. Siri ya pili Senda aliigundua mwenyewe. Muulize mgonjwa swali la kipuuzi, ili asahau kujikaza.

"Domeng, mama yangu alisemaje siku ya kwanza kukuona?"

"Alisema... alisema nina masikio kama vishikio vya sufuria, na kwamba... aaah!"

Klop. Bega likarudi kwake.

Domeng alibaki amelala, jasho linamtiririka hadi masikioni. Senda alichukua penseli iliyokuwa juu ya kabati, akaenda kwenye kalenda ya duka la mchele iliyoning'inia ukutani, akatia alama ya msalaba kwenye tarehe ya leo. Mwezi ule tayari ulikuwa na msalaba mwingine.

"Ijumaa ya wiki ijayo ni mtihani," Domeng alisema akiangalia bati.

"Najua."

"Pushapu naziweza. Mikono ikibanwa karibu na mbavu halitoki. Hutoka nikiinua tu."

"Basi usiinue."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na jingine la kufanya. Askari wa cheo chake husaini mkataba upya kila baada ya miaka mitatu, na hasaini kabla ya kupimwa viungo. Domeng alikuwa amelitumikia jeshi miaka kumi na minane na miezi minne. Mkataba mmoja tu, huu unaokuja, ungemvusha miaka ishirini, na aliyevuka ishirini anapata pensheni kila mwezi mpaka afe, na akifa anapata mkewe. Asiyevuka hupewa kiinua mgongo na kupeanwa mkono. Basi, kwaheri.

"Na tukisema ukweli?" Senda aliuliza. "Kwamba uliumia kazini? Aliyeumia kazini si wanamlipa hata kama hajafika ishirini?"

"Karatasi iko wapi?"

Karatasi haikuwepo, na wote wawili walijua kwa nini. Miaka tisa nyuma lori la kikosi lilipinduka kwenye korongo, Domeng akiwa nyuma na Sajini Villaruz akiwa ameshika usukani, usukani ambao hakuruhusiwa hata kuugusa. Wengine walitoka na michubuko, Domeng alitoka na bega limekaa kifuani. Villaruz alimpigia magoti, kweli kabisa, kwenye matope. Ndugu yangu, nikikuandika wewe, gari litaandikwa, na mimi nitaandikwa. Ripoti ikasema safari ilikuwa njema. Mwaka uliofuata Senda akamzaa Jovita, na Villaruz akaja kuwa baba yake wa ubatizo. Alileta nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi yake inang'aa kama viatu vya paredi, mtaa mzima ukala. Toka siku hiyo wakaitana kumpare, wazazi wenza wa mtoto mmoja, Senda akaitwa mare, na bega la Domeng likawa kazi yake.

* * *

Ijumaa ya mtihani, wake za askari walisimama nje ya uzio wa uwanja kama kawaida yao. Senda alikuwa na beseni lake la keki za mchele, lakini siku hiyo hakuuza.

Pushapu Domeng akapiga arobaini na tatu, viwiko vimebana. Akakaa, akalala, akakaa, akalala, mpaka filimbi ikalia. Kukimbia akamaliza wa tisa kati ya watu thelathini, tena akiwaacha vijana waliozaliwa yeye akiwa kuruta.

"Mumeo chuma," alisema mke wa Bansil. "Wangu huyo, tazama, anakimbia kama amebeba mtungi."

Senda alitaka kulia kwa furaha. Alianza hata kuuza keki, akampa mtoto wa watu ya bure.

Mtihani ulipokwisha, majani ya migomba yalitandikwa kwenye meza ndefu, wali ukamwagwa juu kutoka mwanzo hadi mwisho, na samaki na biringanya na nyama, askari wakajipanga pande mbili wale kwa mikono. Kabla ya kula, luteni akataka picha. Na picha ya kikosi haipigwi kimyakimya.

"Ngumi juu!" luteni akapaza sauti. "Mara tatu!"

Ngumi thelathini zikapanda, na ya Domeng ikiwemo. Angefanyaje? Miaka kumi na minane mwili wake ulikuwa umezoea kutii kabla yeye hajafikiri. Mara ya kwanza, salama. Mara ya pili, salama. Ya tatu akajipinda, akaangukia juu ya wali.

Senda hakumbuki alipitaje getini. Anachokumbuka ni kwamba askari walimzunguka mumewe wakipiga kelele, mmoja anasema maji, mwingine anasema asiguswe, na yeye akawasukuma, akamlaza Domeng kwenye nyasi, akavua ndala.

"Domeng, kuku wetu yule mweupe alitaga mayai mangapi jana?"

"Ma... mawili. Hapana, ma..."

Klop.

Askari wakamtazama kwa macho ya watu walioonyeshwa kiinimacho. Mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Senda akainua uso akitabasamu, mjinga yule, akitabasamu kabisa, akakutana na Kapteni Ledesma, daktari wa kambi, mwanamke mwembamba aliyekuwa tayari ameshika tonge lake la wali.

"Dada," daktari alisema polepole, "hii siyo mara yako ya kwanza."

Makofi yakakatika. Senda akaiona ndala yake kule mbali kwenye nyasi. Angepiga yowe tu kama mke yeyote, angelia na kuuliza kuna nini, wangesema ni ajali ya siku moja. Lakini mikono yake ilikuwa imejibu maswali yote mbele ya kombania nzima.

* * *

Bodi ya afya ya jeshi iliwapa siku kumi na mbili walete ushahidi kwamba aliumia kazini. Domeng hakutaka kwenda kwa Villaruz.

"Nitamwambia nini? Mtu amenibatizia mtoto wangu. Nikamdai?"

"Usimdai. Muombe."

"Ni kitu kilekile."

Basi Senda akaenda mwenyewe na Jovita, akiwa amembana nywele na kumvalisha gauni la kanisani. Villaruz sasa alikuwa Sajini Meja, na nyumba yake ilikuwa ya tofali na ina vigae. Mke wake aliwapitisha mlango wa jikoni, akisema sebuleni kumepigwa deki. Wakangoja kwenye viti vya plastiki, karibu na gesi, kama nusu saa, wakisikiliza mchezo wa ngumi kwenye televisheni.

Villaruz alipokuja, Jovita aliinuka bila kuambiwa, akauchukua mkono wa baba yake wa ubatizo akauweka kwenye paji la uso wake. Mzee akamchezea nywele.

"Umekuwa mrefu. Shule vipi?"

"Nzuri, baba."

Akampa noti ya peso hamsini. Kisha akamgeukia Senda, na uso ukawa umeshajua.

"Nimesikia. Pole sana, mare."

"Tunahitaji mistari miwili tu," Senda alisema. "Kwamba gari lilipinduka, na yeye alikuwemo."

"Gari gani?"

Senda alidhani hakusikia vizuri. "Lile ulilokuwa unaliendesha wewe."

Mke wa Villaruz akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Mare, mimi nimebakiza miezi mitatu nistaafu," Villaruz alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya. Afadhali ingekuwa ya ubaya. "Nikiandika leo kwamba gari lilipinduka, wataniuliza kwa nini sikuandika jana."

"Miaka tisa ndiyo jana?"

"Ndiyo mbaya zaidi. Wataanza kufukua faili langu lote. Nipoteze changu ili Domeng apate chake? Sisi ni familia. Niombe kitu kingine chochote. Ada ya huyu mtoto, nitalipa mimi."

"Sikuja kuomba ada."

"Basi jambo hilo, mare, mimi silikumbuki."

Alisema hivyo akimtazama Jovita, si Senda. Mke wake akafunga tambi za kukaanga kwenye mfuko, zilizobaki za mchana, akamtilia Senda mkononi. Senda alizipokea, na akasema asante! Njia nzima alijilaani kwa asante ile kuliko kwa kitu kingine chochote, lakini hakuzitupa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitoweo.

"Mama," Jovita alisema walipofika barabarani, "baba wa ubatizo ni mtu mbaya?"

"Ni mtu mzima. Tembea."

* * *

Bodi ilikuwa watu watatu nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani: mwenyekiti mwenye cheo cha kanali, karani, na Kapteni Ledesma. Daktari ndiye aliyeomba mke naye aitwe ndani aeleze. Senda aliingia na kalenda tisa za duka la mchele kwapani, zimeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

"Limetoka mara ngapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Thelathini na nne, afande."

"Umejuaje?"

Senda akazikunjua kalenda mezani, mwaka baada ya mwaka, misalaba ya penseli imesambaa kama makaburi madogo. Karani aliweka mkono mdomoni. Mwenyekiti alipekua mbili, akaishika ya tatu kwa kidole gumba na cha shahada.

"Hii ina picha ya gunia la mchele."

"Ndiyo, afande. Wanagawa bure kila mwaka mpya."

"Na hapa mwezi wa tano pameandikwa 'nusu kilo ya sukari'."

"Hiyo ni kitu kingine, afande."

Domeng alikuwa amesimama wima, mkono kwenye kombeo, macho ukutani. Mwenyekiti alimgeukia. "Koplo, mara ya kwanza lilitokaje?"

Senda akamgeukia mumewe.

"Kulikuwa na gari, afande," Domeng alisema. "Lilipinduka."

"Ripoti ya gari hilo ipo?"

"Hapana, afande."

"Sajini Meja Villaruz alikuwa mkuu wa kundi lako wakati huo. Tumemuuliza, anasema halikumbuki. Wewe unasema anadanganya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Maneno matatu tu yangetosha. Senda akasema moyoni, sema, sema, sema sasa hivi.

"Hapana, afande," Domeng akasema.

Mwenyekiti akaandika. Kisha akamuuliza daktari kama bega linalovutwa mara thelathini na nne na mtu asiyesomea laweza kuharibika zaidi. Kapteni Ledesma alisema laweza, lakini akaongeza haraka kwamba bega la namna hii hutoka lenyewe, na kwamba mama huyu amelivuta vizuri kuliko baadhi ya wauguzi wake.

"Lakini laweza."

"Laweza, afande."

Ikaandikwa hivyo. Ulemavu usiotokana na kazi, uliozidishwa na tiba ya nyumbani. Karani aliwasomea mara mbili, taratibu, kama anawasaidia. Tiba ya nyumbani! Senda aliitazama mikono yake, akaiweka nyuma ya mgongo.

Nyumbani Domeng aliketi na buti miguuni mpaka wali ukapoa. "Ningemtaja, Senda, Jovita angekuwa mtoto wa nani kanisani? Watu wangesema nimemuuza aliyenibatizia mtoto wangu."

"Wewe ndiye uliyeuzwa."

"Alitusaidia wakati ule."

"Alitusaidia nini? Nguruwe?" Senda alisimama katikati ya chumba, mwiko mkononi, na sauti yake ikafika kwa mke wa Bansil na haikumjali mke wa Bansil. "Lile bega tulilila, Domeng. Mimi na wewe na mtaa mzima. Tulilila siku ya ubatizo, tukalimwagia mchuzi wa ini juu, tukalamba vidole. Sasa unalitafuta wapi?"

Jovita aliacha kula. Domeng akaanza kufungua kamba za buti kwa mkono mmoja, na ilimchukua muda mrefu, na Senda hakwenda kumsaidia.

* * *

Wiki ya kumi na tatu tangu atolewe jeshini, bega lilitoka kwa chafya. Alikuwa amejinyoosha anachukua mkoba wa Jovita msumarini, akapiga chafya, kwisha.

"Senda."

Senda alikuja, akamtazama, akakunja mikono kifuani.

"Mimi sigusi."

"Nini?"

"Si wameandika? Tiba ya nyumbani. Haya, leo tupeleke kwao wenye tiba. Wakushike wao, waandike."

"Senda, linauma."

"Najua linauma!" Alikuwa analia tayari. "Nani anajua kuliko mimi? Simama twende."

Walipanda pikipiki ya kigari mpaka kwenye geti la kambi, kila tuta likimtoa Domeng mguno. Zamu ilikuwa na kijana mmoja ambaye Domeng mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za buti. Kijana alipiga saluti nusu, mkono ukamfia njiani.

"Samahani, af... samahani, kaka. Kadi yako?"

"Unanijua, Magno."

"Nakujua. Lakini kadi ilikatwa. Jaza hapa, upande wa wageni."

Domeng alikuwa na mkono mmoja, na wa kushoto, kwa hiyo Senda ndiye aliyejaza. Kwenye sehemu ya cheo akaacha wazi.

Hospitali ya kambi iliwapa namba na benchi. Walioko kazini kwanza, muuguzi alisema, huo ndio utaratibu. Wakapita vijana wenye mafua. Akapita mmoja mwenye jipu, tena anatembea upande upande na kuchekwa na wenzake. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Daktari Ledesma hakuwepo, alikuwa mjini. Vidole vya Domeng vikaanza kubadilika rangi, akasema havihisi.

"Dada, mkono unakufa ganzi," Senda alimwambia muuguzi.

"Namba yenu ni arobaini na moja. Tuko ishirini na sita."

Senda akarudi kwenye benchi. Akamtazama mumewe, midomo imekauka, shati la kiraia limelowa mgongoni. Alikuwa ameapa. Akajikaza kisabuni dakika kumi nyingine. Kisha akavua ndala.

"Lala chini."

"Hapa?"

"Hapa hapa kwao."

Vijana wa mafua wakapisha. Alikita kisigino, akashika mkono, akajilaza nyuma kwenye sakafu inayonuka dawa.

"Domeng, umelitumikia jeshi miaka mingapi?"

"Kumi na minane," Domeng alisema akiwa amefumba macho. "Na miezi minne. Na siku kumi na..."

Klop.

"Mama!" Muuguzi alikuwa amesimama. "Nani amekuruhusu? Hii ni hospitali!"

"Andika," Senda akasema kutoka sakafuni.

"Niandike nini?"

"Tarehe ya leo. Bega la kulia. Kwamba lilitoka, mkatuweka kwenye benchi, na aliyelirudisha ni mimi. Andika na jina langu, Rosenda Agpalo."

Muuguzi alilitazama daftari, akalitazama shati la Domeng. Hakuwa mkatili, alikuwa amechoka tu. "Dada yangu, huyu hayumo kwenye orodha yetu tena. Daktari hajamwona. Limesharudi, nendeni nyumbani."

Akafunga daftari na kuita namba ishirini na saba.

Senda alikuwa anatafuta ndala yake chini ya benchi aliposikia sauti. Ilikuwa ya Domeng, lakini ni sauti aliyoiacha zamani kwenye paredi, ya kusikika mwisho wa uwanja. Alikuwa bado ameketi sakafuni, ameshika mkono wake kama mtoto mchanga.

"Kulikuwa na gari!" alisema. "Lilipinduka korongoni, na aliyekuwa anaendesha ni Sajini Villaruz!"

Vijana wa mafua wakatazamana. Mmoja akauliza Villaruz yupi, mwenzake akamwambia yule mzee aliyeagwa juzi kwa bendi, yule mwenye pensheni. Muuguzi akaita tena namba ishirini na saba, maana hakuna aliyekuwa ameinuka.